Bamvua Katika Daftari

Kisiwa cha Chole kimo ndani ya ghuba iliyo kusini-mashariki ya Mafia, na mtu aliyesimama pwani ya Utende hukiona chote bila ya kugeuza shingo: minazi, miembe, mibuyu, na nyuma ya miti hiyo magofu yaliyobaki tangu zama Wajerumani walipokifanya makao ya utawala wao wa Mafia, kabla hawajahamia Kilindoni. Jioni popo wakubwa hutoka mitini kwa makundi wakavuka kwenda kutafuta matunda ng'ambo, na alfajiri hurejea. Mlango wa maji unaokitenga kisiwa na Utende ni mwembamba. Mashua huuvuka kwa muda wa kuchemsha birika la chai. Hata hivyo, kwa mtoto aliyemaliza darasa la saba mlango huo ni mpana kuliko uonekanavyo, kwani shule ya msingi iko Chole na ya sekondari iko ng'ambo.

Mwanzoni mwa Januari 2024 fundi mmoja wa vyombo, mwenyeji wa kisiwa hicho, alikuwa na binti aliyechaguliwa kuingia kidato cha kwanza. Alikuwa wa mwanzo katika nyumba ile. Kaka zake wawili waliishia la saba. Mmoja akaenda kuvua, mwengine akashika tezo pamoja na baba yake. Ada haikuwa tatizo, maana tangu 2016 shule za serikali hazitozi ada mpaka kidato cha nne. Tatizo lilikuwa karatasi ya kujiunga, iliyotaka sare jozi mbili, viatu vyeusi, madaftari makubwa, rimu ya karatasi, mkebe wa hisabati, ndoo, fagio la chelewa na jembe. Mama wa mtoto, ambaye husuka mikeka, aliuza mikeka mitatu aliyokuwa ameiweka kwa harusi ya mdogo wake. Fundi naye akaomba malipo ya mbele kwa mashua ambayo mkuku wake ndio kwanza ulazwe. Ndoo ilikuwapo nyumbani. Jembe nalo lilikuwapo, lakini mama aliliangalia mara mbili kabla ya kulitoa, akauliza, "Kwani anakwenda kusoma au kulima?" Hakujibiwa, na kwa hakika hilo ni swali ambalo nchi nzima huliuliza kila Januari.

Fundi huyu hajui kuchora chombo. Hujenga kwa macho. Hulaza mkuku, akasimamisha omo na tezi, kisha huingia mwituni kutafuta miti iliyojipinda yenyewe ili aichonge mataruma. Na akiupita mti usiofaa leo huukumbuka miaka mitatu baadaye kwa chombo chengine. Ubao ukikataa kukaa juu ya mwenziwe huukata hanamu, na hanamu hiyo hakupimiwa na mtu. Yeye husema imo kiganjani. Timazi anayo, kamba ya kupimia anayo, na bikari anayo ya misumari miwili na uzi. Alisoma mpaka darasa la nne, lakini hesabu ya mbao, ya misumari, ya pamba ya kalafati na ya siku za kazi huifanya kichwani, na wenye vyombo hawajapata kumkuta amekosea kwa kujipunja wala kwa kuwapunja.

Msomaji asidhani kwamba mtu wa namna hii anakichukia Kiingereza. Alikitaka kwa ajili ya bintiye kwa moyo mmoja. Huko Utende aliwaona vijana wanaozungumza na wageni, na msimu wa potwe huko Kilindoni aliwaona wakilipwa kwa kuwapeleka wageni hao baharini wakaogelee na samaki yule ambaye yeye mwenyewe, utotoni, alifundishwa kumpisha tu. Aliamini kuwa neno la Kiingereza ni chombo kama chombo chengine, na chombo hakikataliwi kwa kuwa kimeundwa ng'ambo. Usiku ule kabla ya kuanza shule alimtaka mtoto aseme Kiingereza chochote alichonacho. Mtoto akahesabu mpaka ishirini, akataja rangi na siku za juma. Baba akasikiliza mpaka mwisho kama mtu anayesikiliza kasida, akasema, "Vyema, mama. Hicho kitakuvusha."

Jumatatu ilikuwa tarehe 8 Januari, siku tatu kabla ya mwezi mpya, na watu wa pwani wanajua maana yake: maji hupwa mapema, na kwenye saa moja asubuhi ghuba huwa tope na nyasi za baharini. Mashua haikuweza kusogea. Binti alishuka kwa miguu kuifuata ilipoelea, viatu vipya akavining'iniza shingoni kwa kamba zake, sketi ameikusanya kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili ameishika ncha ya ushungi wake mweupe isirushiwe tope. Baba alikuwa nyuma na ndoo kichwani. Ndani ya ndoo mlikuwa na rimu iliyofungwa kwa kipande cha turubai, madaftari, na jembe lisilo mpini. Rafiki wa mtoto, jirani waliyecheza naye tangu kutambaa, alikuwa mbele yao akiteleza na kucheka. Kaskazi ilikuwa ndogo. Ng'ambo waliosha miguu kwa maji ya chupa, wakavaa viatu, wakakwea njia.

Uwanjani mwa shule wazazi waliambiwa wangoje upande mmoja na watoto wapange mistari upande mwengine. Mwalimu alizungumza na wazazi kwa Kiswahili, kwa adabu na kwa ufasaha, akawaeleza habari za sare na za chakula cha mchana. Kisha akageuka, akawasemesha watoto kwa Kiingereza. Fundi alimtazama bintiye kwa mbali. Alimjua mtoto huyu: ni mtoto asiyenyamaza, anayeuliza chombo kinaelea kwa nini na kisu kinazama kwa nini, na aliyewahi kumrekebisha maalimu wake wa chuoni akasamehewa kwa kuwa alikuwa sahihi. Sasa alimwona anawatazama wenziwe miguuni. Wakisogea, anasogea.

Hapa inafaa kulikumbuka jambo ambalo limezoewa hata haliangaliwi tena. Tanzania Bara iliamua mwaka 1967 kwamba Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia katika shule za msingi. Kwa miaka saba mtoto hufundishwa jua, mbegu, damu na sehemu za desimali kwa lugha anayoiota. Kisha, kati ya Septemba anapofanya mtihani wa darasa la saba na Januari anapoingia sekondari, jua lile lile na damu ile ile hubadilishiwa majina, na anayeuliza kwa majina ya zamani huhesabiwa kuwa hajui. Shule huwapa wanafunzi wapya wiki chache za matayarisho ya Kiingereza. Ni kama kumpa mtu kata ya maji ya kunywa kabla ya kumpeleka Jibondo, kisiwa kisicho kisima. Mwaka 1982 Tume ya Rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kianze kutumika kidato cha kwanza mwaka 1985. Hakikuanza. Mwalimu Nyerere mwenyewe, aliyezifasiri tamthilia mbili za Shakespeare, ya kwanza ikatoka 1963 na ya pili 1969, alikiita Kiingereza Kiswahili cha dunia, na maneno yake hayo yakawa ngao ya kila aliyetaka mambo yabaki yalivyo. Wasomi hawakulala. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, kwa hiyo udhuru wa kukosa maneno ulikwisha zamani. Sera ya elimu ya 2014 ikatamka Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika ngazi zote. Mwaka 2021 UNESCO ikaitangaza tarehe 7 Julai kuwa siku ya Kiswahili duniani. Januari 2024 binti wa fundi alisimama uwanjani akitazama miguu ya wenziwe.

Kosa si la Kiingereza. Yeyote aliyekesha akifasiri anajua kuwa lugha ya pili ni neema, na kwamba humfungulia mtu hata nyumba yake mwenyewe kutoka mlango asioujua. Lakini kuifundisha lugha ni jambo moja, na kuifanya kizingiti cha maarifa yote mengine ni jambo jengine.

Jumanne mtoto alirudi akala, akasema shule ni nzuri. Jumatano alirudi akala, hakusema kitu. Mama yake, aliyezoea kumnyamazisha ili apate kusikia adhana, alikaa karibu naye akaukwatua ukoko wa sufuria polepole, akimngojea. Ilichukua muda mpaka habari ya kibao ikatoka. Asubuhi alimwomba jirani yake wa dawati kifutio, akasema kifutio, na aliyekuwa na zamu akamvika shingoni kibao kidogo chenye kitanzi cha kamba. Sheria ni kuwa mwenye kibao hukivaa mpaka amsikie mwengine akisema Kiswahili, ampe yeye. Na wa mwisho kukutwa nacho jioni hufagia uwanja. Desturi hii ni ya zamani, na ina ndugu zake katika nchi nyingi za Afrika. Watu huitetea kwa kusema kuwa humfanya mtoto azungumze Kiingereza. Nyumba hii iliona kazi yake nyengine: humfanya mtoto awe msikilizaji wa makosa. Binti alikivaa kibao mpaka saa sita. Saa sita rafiki yake wa Chole, yule aliyekuwa akiteleza topeni na kucheka, alimsogelea amtulize, akamwambia, "Usilie." Akamvua yeye, akamvika mwenziwe.

Katika mashua ya kurudia walikaa mmoja omo na mmoja tezi.

Baba aliposimuliwa alinyamaza kitambo, kisha akauliza kibao hicho ni cha mti gani. Mama akamtazama kwa hasira. Lakini fundi hakuwa akifanya mzaha. Hilo ndilo swali pekee juu ya kibao ambalo alikuwa na uwezo wa kulielewa jibu lake.

Wala haitakuwa haki kuwalaumu walimu kana kwamba wao ndio waliolitunga jambo hili. Mwalimu wa Tanzania anajua kuwa mtihani wa kidato cha pili na wa kidato cha nne utaandikwa kwa Kiingereza, na kwamba matokeo yatabandikwa yakiwa na jina la shule. Wengi wao hufundisha kwa Kiingereza wakatazama macho ya watoto, kisha wakafunga mlango na kulieleza somo upya kwa Kiswahili kwa sauti ya chini, kama wauzao bidhaa ya magendo. Kilicho katika daftari hubaki cha Kiingereza. Kilicho katika kichwa, kama kimeingia, huingia kwa magendo hayo.

Juma lile lilikuwa fupi. Ijumaa ilikuwa tarehe 12 Januari, Mapinduzi yanatimiza miaka 60, na shule zilifungwa. Baada ya sala ya Ijumaa fundi alirudi bandani kwake pwani, na binti akamfuata na daftari. Kidato chao hakikuwa na vitabu vya kumtosha kila mtoto, kwa hiyo alikuwa ameazima daftari la jiografia la jamaa yake wa kidato cha pili ayanakili yote kabla ya Jumatatu. Aliketi juu ya gogo, akaandika. Baba akachonga. Mkono wa mtoto ulikwenda mbio, hati yake ni nzuri, na mtu aliyepita alimsifu kuwa anasoma. Hakuwa anasoma. Alikuwa akichora herufi.

Punde akakwama katika kichwa cha habari chenye maneno mawili. Alikuwa na kamusi ndogo. Neno la kwanza kamusi ilimwambia ni chemchemi, au ni kuruka, au ni majira ya mwaka ambayo Mafia hayapo. La pili ilimwambia lina kuhusika na maji ya bahari. Akaunganisha.

"Baba, kuna chemchemi baharini?"

"Zipo. Maji yakipwa sana utaona mahali mchanga unatoa maji baridi. Ukiyaonja hayana chumvi. Kwa nini?"

"Imeandikwa humu. Lakini mchoro wake si wa chemchemi."

Fundi akaweka tezo chini, akajifuta mikono, akaja. Katika ukurasa mlikuwa na duara kubwa lenye miale, duara lililozungukwa na kitu mfano wa yai, na kati yao duara dogo. Yote matatu yamepangwa katika mstari mmoja. Chini yake mchoro wa pili, ambao lile duara dogo limekaa pembeni, likifanya pembe mraba na mstari wa jua. Aliinama akautazama mchoro wa kwanza muda mrefu. Siku hiyo hiyo mwezi ulikuwa haupo mbinguni. Asubuhi ghuba ilikuwa imekauka kiasi cha watu kuokota pweza mbali kabisa, na saa hii, alasiri inakaribia, maji yalikuwa yanapanda, yamekwisha kuyafikia magogo yanayoushikilia mkuku.

"Hili ni jua," akasema. "Hii ni dunia. Na huyu ni mwezi, kaingia baina yao, ndiyo maana hatumwoni." Akageuka akatazama maji, akarudi kwenye karatasi. "Mwanangu, hii ni bamvua."

Akaweka kidole katika mchoro wa pili. "Na haya ni maji mafu. Mwezi umekatwa nusu, umesimama upande. Maji hayajai sana wala hayapwi sana."

Binti alimtazama baba yake kama aliyegundua kuwa anafahamiana na mfalme. Bamvua alikuwa akiijua tangu azaliwe. Alikuwa ameivuka kwa miguu yake juma lile lile, na aliinakili katika daftari pasipo kuitambua, kama mtu anayepewa barua iliyoandikwa juu yake naye hajui kusoma. Ndipo akauliza swali lake, lile la aina ya maswali aliyokuwa akiyauliza kabla ya Jumatatu.

"Na kwa nini mwezi uyafanye maji hivi?"

"Mimi najua lini," akasema fundi. "Najua kiasi gani, na saa ngapi, na siku gani usitie nanga wapi. Kwa nini, sikupata kufundishwa. Hilo limo humo."

Lilimo kweli. Mistari sita chini ya mchoro ilieleza nguvu ya uvutano, na jinsi jua na mwezi vikikaa katika mstari mmoja mvuto wao hujumlishwa. Mtoto aliweka kidole katika mstari wa kwanza, akafungua kamusi. Alipata nguvu. Alipata kuvuta. Katika mstari wa tatu maneno yalimzidi, akafunga kamusi. Wakakaa hivyo, mmoja anajua bahari na mwengine ameshika maelezo yake, na baina yao ukurasa ambao hakuna aliyeweza kumsomea mwenziwe.

Watetezi wa Kiswahili huzungumza sana juu ya mtoto anayenyimwa maarifa, nao wanasema kweli. Ni nadra kusikia habari za mzazi. Lau mistari ile sita ingekuwa ya Kiswahili, mtu wa miaka hamsini aliyeongozwa na mwezi maisha yake yote angeambiwa alasiri ile, na bintiye, ni kwa nini. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, hali ni mgonjwa, alimwita bintiye aje na wino na karatasi aandike anayoambiwa, na utenzi ule umeishi kwa sababu mama mwenye maneno na mtoto mwenye kalamu walikuwa wa lugha moja. Binti wa Chole ana kalamu, tena nzuri. Baba yake ana ya kusema. Daftari ndilo halipokei.

Jumamosi alirudi bandani, safari hii na penseli. Mbele ya kichwa kile cha maneno mawili aliandika, kwa herufi ndogo, bamvua. Mbele ya kingine, maji mafu. Kisha akalichukua daftari la hisabati, akamwonyesha baba michoro ya mistari iliyoinamiana, na fundi akamtajia hanamu, akamtajia timazi, akamwonyesha bikari yake ya misumari na kuipiga duara juu ya ubao ili ailinganishe na ile ya mkebeni. Mtoto alicheka, ilikuwa mara ya kwanza tangu Jumatano. Baba akamuuliza kwa nini maneno yale hayaandiki kwa wino kama mengine.

"Daftari litakaguliwa," akasema. "Jumapili usiku nitayafuta."

Na Jumapili usiku, taa ikiwa katikati yao, akayafuta, kwa kifutio cha kuazima. Mama aliikunja sare akaiweka chini ya mkeka ipate kunyooka. Fundi alitoka nje kutazama upepo, akarudi na habari za maji.

"Kesho yatakuwa yamejaa alfajiri," akasema. "Mashua itakuja mpaka mchangani. Viatu utavaa hapa hapa nyumbani. Mwambie na mwenzio."

"Sijui kama atanijibu, baba."

"Mwambie tu. Humu mashuani hamna kibao."